Telefone ya depo: muangalie rezo kwanza, bei baadaye



Huku kwetu Butembo na Beni, telefone ya waya si kitu cha kungojea tena. Ile ya posta, ya OCPT ambayo leo ni SCPT, ilikufa kitambo. Parokia, vituo vya afya na wafanyabiashara walikuwa wanaongea kwa foni, ile radio yenye antene ndefu. Leo swali ni hili: karte SIM gani ikae mu depo ao nyumbani, na kwa jina la nani?

Wengi wanachagua kwa forfe. Forfe ya bei chini haisaidie kitu kama simu haishike. Butembo na Lubero ni milima, na kilima kikisimama kati ya nyumba na antene, rezo inakatika, hata kama jirani wa ng'ambo anaongea vizuri. Mabati nayo yanapunguza. Kwa hiyo muazime karte tatu, Vodacom, Airtel na Orange, muziweke moja kwa moja mu telefone ileile, pale depo ilipo. Pigeni mara kumi asubuhi, mara kumi saa moja ya usiku wakati kila mutu anapiga, na siku ya mvua. Andikeni ngapi zimepita. Kisha muulize wanamemba wenyewe wanatumia namba gani: kama wengi wako na 081 ao 082, ni Vodacom, 097 ao 099, ni Airtel. Kupiga ndani ya kampuni moja mara nyingi ndiko kunakula inite kidogo.

Telefone ya karte mbili ni nzuri, lakini angalieni: makampuni wanaweza kutundika mitambo ku mlingoti mmoja. Mlingoti ukizimika, karte zote mbili zinanyamaza. Chagueni ya pili yenye antene ya upande mwingine.

Kuhusu chombo, iko simu ya mezani yenye kuingiza karte SIM na batiri. Haiingie mu mfuko wa mutu, na mimi naipendelea kwa depo. Kama haipatikane, simu ndogo ya vitufe inatosha. Batiri yake inakaa siku nyingi, na pano ndogo ya jua inaijaza. Starlink ilipata ruhusa Kongo mwaka 2025, lakini inaomba umeme na dola kila mwezi. Kwa kuuliza bei ya kakao, hiyo ni kununua kamio ya kubeba kikapo.

Wa Kasindi, simu inaweza kurukia rezo ya Uganda na kumeza inite. Chagueni rezo kwa mkono mu paramètre.

Sasa jina. Karte ikiandikishwa kwa jina la prezida peke yake, siku anahama, namba inaenda naye, pamoja na feza za M-Pesa ao Airtel Money. Ulizeni ku ajanse ya kampuni namna ya kuiandikisha kwa jina la koperative. Kodi siri muwape watu wawili tu, kufuatana na uamuzi wa mkutano.

Mu eneo la Beni namba hii haiko ya bei peke yake. Kwa sababu ya mashambulizi ya ADF, mutu anapiga kwanza kuuliza njia mbele ya kubeba kakao. Na mnunuzi anayefika shambani anajua bei ya mjini. Wewe usiposhika rezo, unajua ile tu anakuambia. Kwa hiyo namba iandikwe kwa rangi ku mlango wa depo, na muweke inite kidogo kila mwezi, juu karte isiyotumika kampuni inaifunga.