Jikoni kwa Wahamiaji wa Winnipeg

Majira ya joto mjini Winnipeg ni mafupi. Katika mji huu wa jimbo la Manitoba, katikati ya Kanada, halijoto hushuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri wakati wa baridi, kwa hiyo ukifika mwezi wa Agosti hakuna anayetaka kukaa ndani. Huo ndio mwezi wa Folklorama, tamasha la wiki mbili ambamo jamii za wahamiaji huwakaribisha majirani zao waje kula, kunywa na kutazama ngoma. Lilianza mwaka 1970, Manitoba ilipotimiza miaka 100 ya kuwa jimbo, likiwa na mabanda 21, nalo lilikusudiwa kuwa la mara moja tu. Watu wakalipenda, likarudiwa, na halijakatika isipokuwa mwaka 2020 na 2021 kwa sababu ya UVIKO-19.

Nimesema mabanda, lakini msomaji asiwaze mahema ya Sabasaba yaliyopangwa katika uwanja mmoja. Banda la Folklorama huwa ni ukumbi wa kanisa, bwalo la shule au klabu ya jamii fulani, na kumbi hizo zimetapakaa mji mzima. Mgeni hulipa kiingilio, huketi meza moja na watu asiowajua, hununua sahani yake, hutazama wachezaji kwa muda usiofika saa nzima, kisha huwasha gari kwenda nchi nyingine iliyo mtaa wa tano. Jamii nyingine zina mabanda mawili. Waukraine wamekuwa nayo mawili kwa miaka mingi, na Wafilipino vilevile. Aliyewahi kuwa mwanachama wa chama cha watu wa kwao huko ughaibuni atakisia mwenyewe sababu.

Jukwaa ndilo linalopigwa picha. Ila anayetaka kuzijua desturi za watu hawa na apite nyuma ya ukumbi aingie jikoni, tena asingoje usiku wa tamasha. Aje wiki kadhaa kabla. Katika parokia za Waukraine za nyanda za Kanada, akina mama wa kanisa wana mazoea ya kukutana kutengeneza varenyky kwa mamia. Unga wa ngano husukumwa mwembamba, hukatwa viduara, hujazwa viazi vilivyopondwa na jibini, kisha kingo hubanwa kwa vidole na donge hilo hutoswa katika maji yanayochemka. Kubana ndiyo kazi yenye heshima. Donge lililobanwa ovyo hupasuka na kumwaga viazi sufuriani, ndiyo maana anayejifunza hupewa kisu na gunia la viazi amenye kwanza. Mikono ikiwa kazini, habari zinapita: nani anaumwa, mjukuu wa nani anaoa, padri mpya ana tabia gani. Mwanamke wa Pwani aliyewahi kushinda na wenzake wakichambua mchele wa harusi hahitaji kuelezwa zaidi.

Waukraine wa kwanza waliingia Kanada mwaka 1891, wakafuatwa na maelfu waliopewa mashamba ya kufyeka na kulima ngano. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka, wengi wao walikuwa bado raia wa Austria-Hungaria kwa karatasi, na serikali ikawahesabu kuwa watu wa adui. Maelfu waliwekwa kambini kati ya 1914 na 1920. Leo madonge yao, ambayo Wakanada wengi huyaita perogi, yanauzwa yakiwa yamegandishwa katika kila duka kubwa, na kijiji cha Glendon huko Alberta kiliyajengea sanamu mwaka 1991, donge moja lililochomwa uma, lenye urefu wa zaidi ya mita 8. Sanamu hiyo haina ladha nzuri machoni, lakini ukijua habari za zile kambi hutaicheka sana.

Kisa kinachonivutia kuliko vyote ni cha watu wa Iceland. Kundi lao lilifika ufukwe wa magharibi wa Ziwa Winnipeg mwaka 1875, mwaka uleule ambao mlima Askja ulilipuka na kumwaga majivu juu ya malisho ya kwao. Wakaanzisha mji wa Gimli. Mwaka uliofuata ndui iliwaua wengi, na kuwaua pia wenyeji waliokuwa wakiishi ufukweni hapo kabla yao. Katika maisha hayo ya njaa na maradhi walishikilia keki moja, vínarterta. Ni mikate myembamba iliyopangwa tabaka juu ya tabaka, katikati ikiwa na jamu ya plamu zilizokaushwa, na ndani ya jamu hiyo mna iliki, ileile inayonukia katika mandazi yetu. Walipoondoka kwao, keki hiyo ilikuwa ndiyo fasheni ya nyumba zenye uwezo. Iceland ikaendelea na mambo mengine, fasheni ikapita. Kule Manitoba haikupita. Wajukuu wa wajukuu wanaendelea kuioka kila Krismasi na kila sherehe, na wanagombana kwelikweli kama tabaka ziwe 7 au zaweza kupungua, na kama kupaka sukari juu ni uungwana au ni uharibifu. Mtu asiyeweza kutunga sentensi mbili katika lugha ya babu zake atakutolea macho ukimwekea keki ya tabaka 5.

Ndivyo mhamiaji alivyo. Huihifadhi nchi kama ilivyokuwa siku aliyoiaga. Anayekwenda kwenye tamasha kama hili akidhani atakula chakula cha Reykjavík au Manila ya leo amekosea mlango. Anachokula ni cha mwaka wa safari. Wafilipino wa Winnipeg wana mwaka wao pia. Mwaka 1968 viwanda vya nguo vya mji huo vilianza kuwaleta mafundi cherehani wanawake kutoka Ufilipino, na kutokana na akina mama hao na ndugu waliowavuta baadaye, jamii yao imekuwa miongoni mwa kubwa kabisa mjini. Lumpia zao, zilizokunjwa nyembamba na kukaangwa hadi zilie, huisha mapema.

Tamasha hili lilitangulia sera. Tarehe 8 Oktoba 1971 ndipo Waziri Mkuu Pierre Trudeau alipotangaza bungeni kwamba Kanada itakuwa nchi ya tamaduni nyingi, na sheria yenyewe ilipitishwa mwaka 1988. Haukupita muda wapinzani wakajitokeza, na mkali wao alikuwa mhamiaji. Neil Bissoondath, mwandishi mzaliwa wa Trinidad, alidai katika kitabu chake cha mwaka 1994 kwamba sera hiyo inaufanya utamaduni kuwa onyesho jepesi na kumfungia mtu ndani ya asili yake. Ana hoja. Sahani ya tamasha hupimwa kwa ulimi wa mgeni: pilipili hupunguzwa, matumbo hubaki nyumbani, na mtu anaweza kutafuna chakula cha mataifa matatu usiku mmoja bila kumuuliza hata mpishi mmoja alifikaje Kanada. Lakini mgeni huyo ndiye anayelipa. Fedha za banda husaidia kutunza ukumbi, kushona mavazi na kuwalipia watoto mafunzo ya ngoma mwaka mzima. Mimi ningevumilia wageni wengi wavivu wa kuuliza, mradi taa za ukumbi ziwake Januari.

Kuna jambo jingine lisilokaa sawa. Karne ya Manitoba iliyoadhimishwa mwaka 1970 ilianza na upinzani wa Wametis, watu wenye damu ya wenyeji na ya Wazungu, walioongozwa na Louis Riel kudai haki zao kabla nchi yao haijamezwa. Jimbo likapatikana, Riel akanyongwa mwaka 1885. Mataifa ya asili nayo yamewahi kufungua banda Folklorama na kugawa banoki, mkate wa Waskoti waliokuja kununua manyoya, ambao wenyeji waliufanya uwe wao. Mwenye ardhi kupanga foleni ya mabanda pamoja na wageni wake ni jambo ambalo hakuna ngoma inayoweza kulifunika.

Na sisi? Ladha za Afrika Mashariki zilishafika Kanada zamani. Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda mwaka 1972, Kanada ilipokea takriban 6,000 kabla ya mwaka kwisha, na majikoni mwao hadi leo mnapikwa kuku paka, mishkaki na muhogo, ambao wao huuita mogo. Siku hizi wamefika Wakongo na Warundi, wengi wao wakiwa wameishi miaka katika kambi za wakimbizi kama Nyarugusu na Kakuma, na Kiswahili kinasikika katika mabasi ya Winnipeg. Majani ya muhogo ya kupikia sombe yanapatikana yakiwa yamegandishwa. Dagaa wakavu wapo. Kisichopatikana dukani ni mtoto aliyezaliwa huko anayejua kusonga ugali ukaiva bila madonge.

Basi wewe unayesoma haya ukiwa Winnipeg, Minneapolis au Leicester, jumuiya yenu ikiombwa chakula cha tamasha, msikimbilie mpishi wa kukodi. Pikeni wenyewe, wiki nzima kabla, na wavulana waitwe jikoni pamoja na wasichana. Wapeni majani wayatwange na samaki wawapare huku bibi akizungumza. Pilipili iwe ya kwetu. Na dagaa waende mezani na vichwa vyao. Mgeni asiyewataka atakula wali.