Pangaboi la Rimoti Likikataa Kuzunguka

Msimu wa korosho ukifika, watu wengi wa Nachingwea na Ruangwa hupata fedha za kununua vitu vya nyumbani. Zamani vitu hivyo vilikuwa bati, baiskeli na redio. Siku hizi umeme umefika katika vijiji vingi, hasa tangu Wakala wa Nishati Vijijini, yaani REA, ulipoanza kazi mwaka 2007. Kwa hiyo watu wananunua na mapangaboi. Hatuwalaumu. Joto la kwetu la mwezi wa Novemba sote tunalijua.

Mapangaboi mengi ya sasa yana rimoti. Hapo ndipo shida inapoanzia. Mama mmoja alikuja darasani kwetu amenuna. Akasema, "Mwalimu, pangaboi langu jipya limekufa. Wiki haijaisha! Naambiwa ninunue jingine."

Tukamwuliza, "Mama, karatasi ya maelezo iko wapi?"

"Ipo kwenye boksi. Sijaigusa."

Kesho yake akaileta. Tukaisoma pamoja, neno kwa neno. Kumbe rimoti ilikuwa haijafundishwa kulijua pangaboi lake. Alipofuata maelezo, pangaboi likazunguka. Fedha ya korosho ikapona.

Basi leo tutaeleza mambo ya kukagua pangaboi jipya linapogoma. Lakini kwanza tuseme jambo moja kubwa kuliko yote.

RIMOTI HAIKATI UMEME

Juu ya pangaboi, ndani ya kikombe kilicho karibu na dari, kuna kisanduku kidogo. Umeme wa ukutani unaingia kwanza kwenye kisanduku hicho, ndipo unakwenda kwenye mota. Ukibonyeza rimoti, kisanduku kinapokea amri: zunguka, ongeza kasi, simama.

Ukibonyeza "simama", mota inasimama. Lakini umeme bado upo ndani ya kisanduku. Mtu akipanda kwenye stuli na kushika nyaya, anaweza kupigwa na shoti na kufa. Tena mtoto akichezea rimoti, mapanga yanaweza kuzunguka wakati wewe uko juu.

Hata swichi ya ukutani usiiamini peke yake, maana huenda aliyefunga alikosea waya. Kabla ya kupanda juu, zima swichi kuu ya nyumba. Mweke mtu hapo ili asije mwingine akaiwasha.

MAMBO UNAYOWEZA KUKAGUA MWENYEWE

Anza na jambo rahisi. Fuata mpangilio huu.

1. Umeme upo? Washa taa ya chumba kile kile. Taa zote zikigoma, tazama LUKU. Labda uniti zimekwisha. Ingiza namba 20 za umeme uliolipia.

2. Swichi ya ukutani imewashwa? Ikiwa imezimwa, kisanduku hakina umeme, wala rimoti haiwezi kufanya lolote. Watu wengi wamemwita fundi kwa jambo hili tu.

3. Betri za rimoti zikoje? Fungua nyuma. Ondoa karatasi au plastiki iliyowekwa kiwandani. Tazama alama za + na –, kisha panga betri kama zilivyochorwa. Rimoti nyingi zina kijitaa kinachowaka ukibonyeza. Kisipowaka, jaribu betri mpya.

4. Rimoti inalijua pangaboi? Baadhi ya rimoti zinatakiwa kufundishwa kwanza. Kwa kawaida unazima pangaboi kwa swichi ya ukutani, unahesabu mpaka 30, kisha unawasha. Halafu unabonyeza kitufe fulani na kukishikilia mpaka pangaboi lilie "pii" au taa yake imulike. Kitufe gani, na kwa muda gani? Hayo yameandikwa kwenye karatasi ya maelezo. Kama una mapangaboi mawili, zima la pili kwanza. La sivyo, rimoti moja itaendesha yote mawili.

5. Linazunguka lakini hakuna upepo? Huenda linazunguka kinyume. Simama chini yake, utazame juu. Mapangaboi mengi huleta upepo chini yakizunguka kinyume cha mishale ya saa. Tafuta kitufe cha kugeuza kwenye rimoti, au swichi ndogo kwenye mota. Lisimame kabisa kabla ya kugeuza. Kama swichi iko kwenye mota, zima swichi kuu kwanza.

6. Linayumba? Usiliache liendelee. Zima swichi kuu, kisha kaza skrubu za mapanga. Chukua rula, upime kutoka ncha ya kila panga mpaka darini. Vipimo vinatakiwa vilingane. Panga moja likiwa limeshuka, huenda limepinda au halikukazwa vizuri.

7. Linakwenda polepole jioni tu, na usiku wa manane linachapuka? Umeme wa majumbani ni volti 230. Watu wengi wakiwasha vyombo kwa pamoja, umeme unaweza kupungua nguvu. Hilo si kosa la pangaboi. Toeni taarifa TANESCO.

MAMBO YA KUMWACHIA FUNDI

Mwite fundi mwenye leseni ya EWURA ukiona mambo haya:

Kwanza, pangaboi linaunguruma lakini halizunguki. Mara nyingi kapasita imechoka. Hicho ni kifaa kidogo, kinabadilishwa bila kununua pangaboi jingine.

Pili, ukutani kuna ile swichi ya kuzungusha, ya kuongeza na kupunguza kasi. Swichi hiyo ni ya mapangaboi ya zamani. Pangaboi la rimoti linataka swichi ya kawaida ya kuwasha na kuzima. Zikiwekwa zote mbili, mota inaunguruma na kisanduku kinaweza kuungua.

Tatu, kuna harufu ya kuungua, cheche, au swichi kuu inajizima yenyewe. Zima, usiwashe tena.

Nne, pangaboi limefungwa kwenye silingi bodi tu. Bodi haiwezi kubeba mzigo unaotikisika. Ndoano ishikwe na mbao imara ya kenchi, na mapanga yawe juu zaidi ya mita 2.3 kutoka sakafuni. Pangaboi likianguka usiku, linaangukia waliolala.

Ndugu wasomaji, yule mama alikuwa anajua kusoma. Karatasi alikuwa nayo. Alichokosa ni mazoea ya kuifungua. Tulijifunza kusoma ili tusome vitu kama hivi: karatasi ya dawa, stakabadhi ya korosho, na maelezo ya pangaboi. Kabla ya kukubali kuambiwa "nunua jingine", fungua boksi, usome.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kwa nini rimoti haitoshi kuzima umeme?
2. Ni mambo gani unayakagua kabla ya kumwita fundi?
3. Nyumbani kwako, swichi kuu iko wapi? Je, kila mtu mzima anajua kuizima?