BIMA YA MAZISHI: MSIKILIZE MTU KABLA YA KUMWUZIA



Msiba ukiingia katika boma, gharama hazingoji. Mochari inahesabu kila siku ambayo mwili umelala pale. Fundi wa sanduku anataka pesa zake, gari la kubeba mwili linataka mafuta, na wageni wa matanga wanahitaji chai, chakula na hema la kuwakinga na jua. Wengi wetu tumeona ng'ombe wa maziwa akiuzwa kwa bei ya kutupa wakati kama huo, na muhula uliofuata watoto wakarudishwa nyumbani kwa kukosa karo.

Ndiyo sababu bima ya mazishi, ambayo wengine huiita bima ya gharama za mwisho, imeenea hata vijijini. Katika vikundi vingi kuna mwanachama aliyesomea kazi ya uwakala, au mweka hazina ambaye wenzake humtaka awaeleze habari za bima ya kikundi. Makala haya ni ya watu hao, na pia ni yako wewe unayeletewa bima hiyo mlangoni. Jambo kubwa ni hili: bima ya mazishi haiuzwi kwa maneno matamu. Huuzwa kwa kumjua mtu na kumwambia ukweli wote, hata ule usiopendeza, kabla hajatoa shilingi ya kwanza.

BIMA HII NI NINI?

Ni mkataba kati ya mtu au kikundi na kampuni ya bima. Mtu hulipa ada, mara nyingi ya mwaka mzima. Kampuni nayo inaahidi kutoa pesa fulani, tuseme Sh. 50,000 au Sh. 100,000, mmoja wa walioandikwa katika mkataba akifariki. Pesa hizo hukusudiwa zifike mapema, kabla ya kuzika. Hazingoji mambo ya urithi yamalizike kortini.

Wazo lenyewe si geni kwetu. Vikundi vya matanga hufanya vivyo hivyo: kila mmoja anatoa kidogo, na aliyefiwa anasaidiwa. Tofauti ni kwamba kikundi cha watu 30 kikipata misiba mitatu kwa mwezi mmoja, sanduku la kikundi linakauka. Kampuni hugawa mzigo huo kwa maelfu ya watu.

Huko Uingereza, kampuni ya Prudential ilianzishwa mwaka wa 1848. Mwaka wa 1854 ilianza kuwauzia wafanyakazi wa mishahara midogo bima ndogo za maisha, na wengi walizichukua hasa ili wazikwe kwa heshima. Wakala alipita nyumba kwa nyumba kila wiki akikusanya peni chache. Alijua ni nani amejifungua, ni nani mgonjwa, na ni nani amepoteza kazi. Kule kujulikana mlangoni ndiko kulikoikuza biashara ile. Lakini kulikuwa na upande mwingine. Watu wengi walishindwa kuendelea kulipa, mkataba ukafa, na kile walichokuwa wametoa kikapotea. Kwa hiyo kuwa rafiki wa mtu hakutoshi. Ni lazima pia umwuzie kitu ambacho mfuko wake unakiweza.

KUINGIA NYUMBANI KWA MTU

Katika jamii zetu nyingi, kutaja kifo cha mtu aliye hai ni kama kukiita. Wakala akibisha hodi, akaketi, kisha akaanza na "Sasa mama, ukifa...", amekwisha kufungiwa mlango hata kama bado amekaa ndani.

Salimia kwanza kama mtu wa kijiji. Uliza habari za watoto, za shamba na za mvua. Usiangalie saa wala usitoe karatasi mapema. Kisha uliza juu ya jambo ambalo limekwisha kupita, maana hilo watu wanaweza kulizungumza bila hofu. Ukishauliza, nyamaza usikilize. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

– Mama, wakati ule tulipomzika baba ya watoto, michango ilitosha?

– Ilitosha wapi! Sanduku tulikopa. Deni lilikaa mpaka mavuno ya pili.

– Pole sana, mama. Na sasa, hapa nyumbani ni nani anayekutia wasiwasi?

– Ni mama mkwe. Amezeeka, na vijana wote wako Nairobi.

Tazama ni mambo mangapi wakala amejifunza kwa maswali mawili. Amejua kwamba mama huyu analijua deni la mazishi. Amejua kwamba anayemwogopea si yeye mwenyewe wala watoto, ni mkwe wake. Amejua pia kwamba kuna vijana wenye kazi wanaoweza kusaidia kulipa. Kama angeanza na hotuba yake, angemwandika mama na watoto, akamwacha nje yule nyanya ambaye ndiye sababu ya mama kutaka bima.

Swali linalofuata ni umri. Nyanya akiwa na miaka 82, na bima yako haipokei aliyepita miaka 75, mwambie mama hapo hapo. "Mama, kwa bima hii nyanya hawezi kuingia. Ningekudanganya nikisema anaweza." Labda utarudi nyumbani bila kuuza. Lakini utakuwa umemwacha mtu ambaye siku nyingine ataliamini neno lako, na atawaambia majirani.

Uliza pia kama ana bima nyingine. Wengi tayari wameandikwa kupitia sacco, kazi ya mume, au kikundi kingine, na hawakumbuki. Akiwa na ya kutosha, mwambie hivyo.

Na neno moja kuhusu adabu: usiuze bima kwenye matanga. Nenda umpe mwenzako pole, utoe mchango wako, ukoroge chai kama wengine, kisha urudi nyumbani. Karatasi zingoje.

MAMBO MAGUMU YATAJWE KWANZA

Mawakala wengine hutaja mazuri na kuyaacha magumu katika maandishi madogo. Wewe yaseme kwa sauti:

1. Kipindi cha kungoja. Mikataba mingi haianzi kulipa kifo cha ugonjwa siku ile ile ya kuandikishwa. Hungoja siku 30, 60 au 90 kulingana na mkataba. Kifo cha ajali mara nyingi hulipwa bila kungoja. Tuseme ni siku 90 na mtu alilipa tarehe 1 Machi. Mama yake akiugua na kufariki mwezi wa Aprili, hakuna pesa. Familia isiyoambiwa jambo hili itakuwa imekwisha kuagiza sanduku na gari kwa deni, ikitegemea bima. Huo ni msiba juu ya msiba.

2. Umri na uhusiano. Ni nani anaweza kuandikwa? Wazazi wa pande zote mbili? Wakwe? Watoto mpaka miaka mingapi? Usikisie, soma mkataba.

3. Majina. Yaandikwe kama yalivyo kwenye kitambulisho au cheti cha kuzaliwa. Jina la nyumbani pekee litaleta taabu siku ya kudai.

4. Ugonjwa. Fomu ikiuliza habari za afya, ijazwe kwa ukweli. Kuficha kunaweza kuwa sababu ya kunyimwa malipo.

5. Kuchelewa kulipa. Ada isipolipwa kwa wakati, bima husimama. Mara nyingine kipindi cha kungoja huanza upya.

6. Ada hairudi. Bima ya mwaka si akiba. Mwaka ukipita bila msiba, pesa hazirudishwi, kwa maana zimesaidia waliofiwa mwaka huo. Usipoyasema haya mapema, mwakani utasikia: "Hakuna aliyekufa, tupatie pesa zetu."

Ukimaliza kueleza, mwombe mwenzako akueleze yeye kwa maneno yake alivyoelewa. Akikosea, si kosa lake. Rudia polepole, na kwa lugha ya nyumbani ikiwa Kiswahili ni kigumu kwake.

ADA ILINGANE NA MFUKO

Uliza pesa huingia lini katika nyumba hiyo. Anayengoja bonasi ya majani chai anaweza kulipa mara moja kwa mwaka. Mwenye kuuza maziwa hupata kidogo kidogo: akiweka Sh. 10 kila siku, kwa mwaka ana Sh. 3,650. Linganisha kiasi hicho na ada inayotakiwa. Ikizidi, chukueni bima ndogo zaidi. Bima ndogo iliyo hai ni bora kuliko kubwa iliyokufa mwezi wa tatu.

PESA NA SHERIA

Kwa Sheria ya Bima ya Kenya, Sura ya 487, wakala ni lazima awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kusimamia Bima, yaani IRA, iliyoanza kazi mwaka wa 2007. Mwanachama anayetaka kuuza asome kwanza, apate cheti, na awe na kampuni iliyomteua. Na wewe mnunuzi, usione haya kuomba kuona karatasi za wakala, hata kama ni mtoto wa jirani. Aliye halali hatakasirika.

Ada ilipwe moja kwa moja kwa kampuni, kwa nambari yake ya malipo ya simu au benki. Isiingie katika simu ya wakala. Risiti na ujumbe wa malipo vitunzwe. Kikundi kikilipa pamoja, katibu awe na orodha ya waliolipiwa, na isomwe mbele ya wanachama wote.

SIKU YA MSIBA

Hapa ndipo wakala hupimwa. Simu ikilia saa tisa usiku, iitike. Fika nyumbani, toa pole, kisha saidia kukusanya karatasi: kibali cha mazishi, kitambulisho cha marehemu, kitambulisho cha anayedai, na fomu ya kampuni. Kampuni nyingine huomba pia barua ya chifu. Uliza mapema orodha kamili ya kampuni yako, mfiwa asitumwe mjini mara tatu.

Kwa hiyo kila nyumba yenye bima iwe na watu wawili wanaojua karatasi zimewekwa wapi. Bima aliyoijua marehemu peke yake haimsaidii mtu.

Wengine wanauliza: je, bima haitaua harambee yetu? La. Majirani bado watakuja, watapika, watachimba kaburi na kulala matangani. Ila mchango wao, badala ya kumalizikia mochari, unaweza kubaki kuwa karo ya yatima.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Mazishi ya mwisho kijijini kwetu yalilipiwa na nini? Kuna nyumba ambayo bado ina deni?
2. Ni wangapi kati yetu wana bima tayari bila kujua inalipa nini na inawahusu nani?
3. Kikundi kikileta wakala, tutamwuliza maswali gani kabla ya kutoa pesa?
4. Ni nani kati yetu anaweza kusoma mkataba wote na kuueleza kwa lugha ya nyumbani?