Kennedy: jina la ukoo lililogeuka jina la mtoto

Magharibi mwa Kenya akina Kennedy ni wengi. Hata Ken Walibora, mwandishi wa Siku Njema, alizaliwa akiitwa Kennedy Waliaula. Kwetu ni jina la mtu mmoja, la kuitiwa darasani na kanisani. Lilikotoka, Ayalandi, lilikuwa la ukoo mzima.

Kwa Kiayalandi ukoo huo ni Ó Cinnéide. Ó ni mjukuu au mzao, Mac ni mwana. Mwanamke hatumii Ó. Binti wa ukoo huo ni Ní Chinnéide. Aliyezoea bin na binti, au arap ya Wakalenjini, ataelewa mara moja. Na Cinnéide, ambalo maandishi ya kale huliandika Cennétig, lilikuwa jina la mtu. Mmoja aliyeitwa hivyo, Cennétig mac Lorcáin, alikuwa mfalme wa Dál gCais, kandokando ya mto Shannon, akafariki mwaka 951. Mwanawe ni Brian Bóruma, mfalme mkuu aliyeuawa vitani Clontarf mwaka 1014. Kwa hiyo Kennedy wa Nairobi anayemwita mwanawe Brian anarudia nasaba ya kifalme ya miaka elfu moja iliyopita. Ó Cinnéide ni ukoo wa nasaba hiyo hiyo, na baadaye ulitawala Ormond, kaskazini mwa Tipperary ya leo.

Maana ya jina hilo huwashtua wazazi. Sehemu ya kwanza, cenn, ni kichwa, na hapo hapana ubishi. Sehemu ya pili wengi huisoma kama neno la ubaya wa sura, yaani "mwenye kichwa kibaya". Wengine huihusisha na vazi la vita, wakapata "mwenye kofia ya chuma". Nembo ya ukoo huo ina kofia tatu za chuma. Tafsiri ya kofia inapendeza zaidi, lakini naona ya kwanza ina nguvu, kwa sababu ile g ya mwisho katika Cennétig inalingana na neno la ubaya, si la vazi. Hakuna aibu hapo. Sisi tuna akina Tabu, Shida na Mashaka, na wanaheshimika kama watu wengine.

Chini ya utawala wa Waingereza koo nyingi ziliandikwa kwa tahajia ya Kiingereza na kupoteza Ó yao. Kwa tahajia hiyo Patrick Kennedy wa Dunganstown, Wexford, alivuka Atlantiki wakati wa njaa kuu ya Ayalandi, mwishoni mwa miaka ya 1840, akawa fundi wa mapipa Boston. Kitukuu chake, John, aliapishwa kuwa rais wa Marekani Januari 1961, Mkatoliki wa kwanza kushika wadhifa huo.

Afrika Mashariki ilimfahamu kabla hajaapishwa. Mwaka 1960 mwanasiasa Mkenya Tom Mboya alikuwa akihangaikia nauli za ndege za wanafunzi waliopata nafasi katika vyuo vya Marekani. Alimwendea Kennedy, wakati huo seneta, na wakfu wa familia yake ukatoa dola 100,000. Walionufaika hawakuwa Wakenya peke yao. Uganda na Tanganyika nazo zilikuwa na vijana wao. Julai 1963 Nyerere wa Tanganyika alipokewa naye Ikulu ya Marekani. Novemba 22 mwaka huo Kennedy akauawa Dallas, wiki tatu kabla ya uhuru wa Kenya. Watoto waliozaliwa msimu ule wa furaha na msiba wakapewa jina lake, kama wengine walivyoitwa Washington au Churchill. Kwa wazazi hao Kennedy lilimaanisha mtu waliyemheshimu, nami nalihesabu hilo kuwa maana yake kamili kuliko kile kichwa cha Cennétig.

Tena, kwa kulifanya jina la mtoto, walilirudisha lilikoanzia, maana Cennétig lilikuwa jina la mtu kabla halijawa la ukoo.

Marekani kwenyewe limechukua njia nyingine: tangu miaka ya 1990 limekuwa zaidi jina la wasichana. Kiayalandi kingelazimika kuonyesha jinsia, Ó kwa mwanamume na Ní kwa mwanamke. Kiambishi kilipodondoka, jina likabaki bila alama ya kiume wala ya kike, na wazazi wakawa huru kumpa yeyote.