Kuirudisha hotuba iliyopotea: kompyuta inaweza nini, na ikomee wapi

Makutano ya Sonatubes, wilayani Kicukiro, Kigali, yalipata jina kutokana na kiwanda cha mabomba. Leo hapo ni honi za pikipiki, mabasi, na magari yanayoelekea uwanja wa ndege au Bugesera. Tarehe 11 Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, palikuwa na kishindo kingine. Wanajeshi wa Ubelgiji waliokuwa katika kikosi cha Umoja wa Mataifa waliondoka katika shule ya ufundi ya ETO, wakawaacha watu zaidi ya 2,000 waliokimbilia humo. Wakimbizi hao walishika njia kwa miguu, wakazuiwa Sonatubes, kisha wakaswagwa hadi kilima cha Nyanza. Wengi wao waliuawa huko.

Kila Aprili njia hiyo hukumbukwa, na manusura husimulia waliyoyaona na kuyasikia. Wakati huohuo, wanasayansi wa sauti kwingineko duniani wamepata mbinu za kuunda upya hotuba za zamani ambazo hazikurekodiwa. Je, mbinu hizo zinaweza kutumika mahali kama Sonatubes?

Mfano maarufu unatoka London. Mshairi na kasisi John Donne aliandika mahubiri ya kutolewa tarehe 5 Novemba 1622 huko Paul's Cross, kiwanja kilichokuwa kando ya kanisa kuu la Mtakatifu Paulo. Kanisa hilo liliungua mwaka 1666. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina, Marekani, walitumia picha za kale na vipimo vya misingi kulijenga tena ndani ya kompyuta. Mwigizaji Ben Crystal aliyasoma mahubiri kwa matamshi ya karne ya 17 katika chumba kisichorudisha mwangwi hata kidogo, ili sauti yake isibebe alama ya ukuta wowote.

Baada ya hapo hesabu ndiyo iliyofanya kazi. Kompyuta hufuata njia za sauti kutoka kinywani mwa msemaji: ipi inafika moja kwa moja, ipi inagonga jiwe na kurudi, ipi inamezwa na nguo za watu. Penye uwazi, nguvu ya sauti hushuka kwa takriban desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu. Hewa ikiwa na joto la nyuzi 20, sauti husafiri mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo aliye mita 100 nyuma hupata neno karibu theluthi moja ya sekunde baadaye. Mwishowe huongezwa mbwa, farasi, ndege na kengele. Msikilizaji huchagua pa kusimama, na kama umati uwe wa watu 500 au 5,000.

Watafiti wa chuo hichohicho walifanya kazi kama hiyo kwa hotuba aliyoitoa Martin Luther King mjini Durham tarehe 16 Februari 1960. Haikurekodiwa, na kanisa alimozungumzia lilibomolewa baadaye.

Kwa Sonatubes, sehemu ya kazi inawezekana. Mteremko unapimika, na kuta za wakati ule zinaweza kuchorwa kutoka picha na ramani. Modeli ingeonyesha amri iliyotolewa mbele ya msafara ingefika wapi. Lakini Donne aliacha maandishi. Sonatubes hakuna aliyeandika yaliyokuwa yakisemwa. Kumpa mwigizaji maneno ya kubuni ni kuwasemea wafu.

Afya nayo ina neno lake. Sauti inaweza kuamsha hofu ya zamani kabla mtu hajapata nafasi ya kufikiri. Katika hafla za Kwibuka, yaani kumbukumbu hizo za kila Aprili, wapo wanaopatwa na kiwewe ambacho Wanyarwanda hukiita ihahamuka, ndiyo maana washauri nasaha na wahudumu wa afya huwa karibu. Marekani, mandhari za kompyuta zenye sauti hutumika kuwatibu askari wenye kiwewe cha vita, ila hatua kwa hatua na tabibu akiwa kando. Kumvalisha manusura vifaa hivyo katika maonyesho ya umma ni jambo jingine kabisa. Milio ya risasi na vilio isiwemo, na kila msikilizaji aelezwe mapema atakachosikia.

Rwanda inajua uzito wa rekodi halisi. Hotuba ya uchochezi dhidi ya Watutsi ya mwanasiasa Léon Mugesera, ya tarehe 22 Novemba 1992, huko Kabaya, ilinaswa kwenye kanda. Ilichambuliwa hadi Mahakama ya Juu ya Kanada mwaka 2005, na mwaka 2016 mahakama ya Rwanda ilimhukumu kifungo cha maisha. Kisio la kompyuta, hata liwe zuri vipi, halina hadhi hiyo. Kwa hiyo rekodi, simulizi za manusura na modeli vihifadhiwe kando kando, kila kimoja na lebo yake. Wanaokanusha mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi wakikuta kisio limechanganywa na ushahidi, watalitumia kuushambulia ushahidi wenyewe.