Dhahabu ya Kakamega na Ahadi ya Ardhi

Katika mwaka wa 1931 wakulima wa Kizungu wa Uasin Gishu walikuwa katika dhiki kubwa. Bei ya mahindi ilikuwa imeanguka ulimwenguni kote, nzige walikuwa wameyaharibu mashamba, na madeni yalikuwa yakidaiwa. Ndipo Mmarekani mmoja, L. A. Johnson, mkulima wa upande wa Turbo, alipoteremka hata nchi ya Kakamega, akaupekua mchanga wa mto Yala na vijito vyake, akaona dhahabu.

Habari ya namna hiyo haifichiki. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule Uingereza iliacha kuifunga sarafu yake na dhahabu, na bei ya madini hayo ikapanda. Basi Wazungu wakaja mamia kwa mamia, wengi wao hawajapata kushika karai la mchimbaji hata siku moja. Kazi yenyewe ni rahisi kueleza: mchanga hutiwa maji ndani ya karai, ukazungushwa polepole, ulio mwepesi hutoka pamoja na maji, nayo dhahabu, kwa uzito wake, hubaki chini. Lakini dhahabu ya mtoni huisha upesi. Iliyo nyingi imo ndani ya mishipa ya mawe meupe katika mwamba, na hiyo haipatikani ila kwa baruti, mashine za kupondea mawe, na fedha nyingi.

Kakamega, iliyokuwa makao ya wilaya tangu 1920 badala ya Mumias, ikageuka kuwa mji wa mahema, vibanda na maduka. Wenyeji waliuza mahindi, kuku na mayai, na vijana wengi wakapata mshahara karibu na kwao. Faida hiyo haikanushiki. Hata hivyo, mashimo yalichimbwa katikati ya mashamba ya watu.

Hapo ndipo penye kiini cha habari hii. Mwaka wa 1930 Serikali ilikuwa imetunga sheria ya kuwawekea Waafrika ardhi yao milele. Sheria hiyo iliagiza kwamba kipande kikitwaliwa, lazima kingine cha kadiri ile ile kitolewe badala yake, na Baraza la wenyeji liulizwe kwanza. Wino haujakauka, dhahabu ikaonekana. Desemba 1932 sheria ikabadilishwa: ardhi yenye madini iliweza kutwaliwa kwa muda, mwenyewe akalipwa fedha tu, wala Baraza halikuhitaji kuulizwa kwanza. Kwa Mluhya fedha si badala ya ardhi. Shamba alilirithi kwa babaye, na makaburi ya wazee yamo humo. Shilingi hutumika zikaisha.

Manung'uniko yalifika mbali. Archdeacon Owen wa misioni ya Kiingereza huko Nyanza aliipinga sheria hiyo waziwazi, na mwezi wa Februari 1933 jambo lilijadiliwa London katika Baraza la Malodi, ambako Lord Lugard alikuwa miongoni mwa walioilaumu. Sheria haikurudishwa kama ilivyokuwa. Wachimbaji wadogo ndio walioondoka wenyewe, mchanga ulipowaishia, yakabaki makampuni yenye mashine. Kubwa kuliko yote lilikuwa machimbo ya Rosterman, yaliyofungwa 1952.

Jina la Rosterman lingali ni jina la mtaa mjini Kakamega. Na dhahabu haijaisha: huko Ikolomani na kwingineko wanaume huteremka mashimoni kwa kamba, nao wanawake huponda mawe kwa mikono, kisha dhahabu hukusanywa kwa zebaki, ambayo ni sumu kwa mikono inayoishika na kwa mto unaoipokea. Sheria ya Madini ya 2016 iliwapa wachimbaji wadogo nafasi ya kuomba kibali. Nayo makampuni makubwa yamerudi kupima mwamba ule ule, na swali linaloulizwa katika mikutano ya wananchi ni lile lile la 1932: mwenye shamba atahamia wapi?