Usemi katika Michezo ya Uhusika: Kutoka Mezani hadi Kwenye Kompyuta

Katika mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walitoa huko Marekani mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Vifaa vyake ni karatasi, kalamu na dadu. Lakini mchezo wenyewe, kwa hakika, ni mazungumzo. Kila mchezaji hujivika nafsi ya mtu wa kubuni, naye msimamizi husimulia mahali walipo na kuwauliza watatenda nini. Lolote linalosemeka laweza kujaribiwa, maadamu msimamizi amelikubali.

Kwa msemaji wa Kiswahili jambo hili si geni kama lidhaniwavyo. Mtegaji wa kitendawili, hadhira ikishindwa, hudai apewe mji. Akipewa Mtangawanda, wanaposhukia abiria waendao kisiwa cha Pate kutoka Lamu, aweza kuukataa kwa hoja kwamba ni bandari tu. Basi wamwongeze Siyu, au Faza. Akiridhika ndipo "asafiripo", akasimulia aliyoyakuta huko, kisha akafumbua. Thamani ya mji hujadiliwa papo hapo, wala hapana orodha iliyotangulia.

Kompyuta haina budi kuwa na orodha. Mapigano na bahati za dadu zilihamishwa kwa wepesi, maana hesabu ndiyo kazi ya mashine. Usemi ndio uliokwama. Katika Pool of Radiance (1988) nafasi ya kuhifadhia maneno ilikuwa finyu, hata sehemu nyingi za masimulizi zikachapwa katika kijitabu, na mashine ikamwagiza mchezaji asome aya ya namba fulani. Katika Baldur's Gate (1998) mchezaji huchagua jibu miongoni mwa yaliyokwisha kuandikwa. Baldur's Gate 3 (2023) imeipanua mno orodha hiyo, haikuiondoa.

Hapa ndipo penye suala la wanalugha. Mezani, mtu wa Pate atasema "ndia" na "nti", wa Unguja "njia" na "nchi", na msimamizi atawaelewa wote wawili. Orodha humlazimisha mtungaji aamue mapema mhusika asemeshwe lahaja gani, na mchezaji hana la kuongeza.

Tatizo la fumbo ni zito zaidi. Tuseme kisa cha Fumo Liyongo kinafanywa mchezo wa aina hii. Kuuchora mlango wa gereza si kazi. Lakini Liyongo huokoka kwa maneno: humwimbia kijakazi Saada ujumbe wa kumfikishia mama, aoke mkate wa wishwa wenye tupa ndani, nao walinzi wasing'amue. Ujumbe huo ukiandikwa kwenye kioo kuwa chaguo la pili kati ya matatu, mchezaji amekwisha kufumbuliwa kabla hajafumba. Hatungi lugha ya kuwapita walinzi waijuao lugha kama yeye, bali hubonyeza namba.